Dirisha la Kuchorwa la Melzago

Wastaafu kutoka Cremona walikuwa ishirini na wawili, na kabla boti haijaondoka Lecco walikuwa wamekwisha kugombana mara mbili: kwanza juu ya nani akae upande wa kivuli, kisha juu ya kina cha ziwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji wao. Naitwa Loredana Bettiga, mzaliwa wa Lecco, na ule ulikuwa mwaka wangu wa tisa wa kuwapeleka watu Melzago kila Jumatano. Asubuhi tunakwenda, tunatembea vichochoroni, watu wanakula chakula cha mchana, na saa tisa na nusu tunarudi kabla breva haijachachamaa. Breva ni upepo wetu wa alasiri. Unatoka kusini kila siku yenye jua, na ukiuchelewea unafika nyumbani umelowa hadi kiunoni.

Ivo, nahodha wetu, anawapenda wastaafu kwa sababu hawapandi ukingoni kujipiga picha. Alikuwa akiwashika mkono mmoja mmoja kuwapandisha. Wa mwisho alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na begani alikuwa na mfuko wa kitambaa uliomvuta upande mmoja.

"Mama, umebeba mawe?" Ivo akamuuliza.

"Mostarda, matunda yetu ya kusindika. Mitungi miwili."

"Mliambiwa huku kwetu hakuna chakula?"

"Ni zawadi."

"Ya nani?"

"Bado naamua kama nitaitoa," akajibu, akapita.

Bi Norma, katibu wa klabu yao, akaja kuketi kando yangu na kuninong'oneza kwa sauti ambayo hata Ivo aliisikia kule kwenye usukani. Yule ni Erminia Soldi, akasema, mjane, alikuwa fundi wa kushona makoti. Kila mwaka wanamwalika safarini na kila mwaka ana mafua. Walipokwenda Venisi, mafua. Walipokwenda Roma, mafua.

"Mwaka huu nimetaja Melzago tu, kesho yake yuko mlangoni kwangu saa mbili asubuhi anataka aandikwe jina," Bi Norma akasema. "Nikamuuliza, Erminia, huko Melzago kuna nini? Akasema kuna ziwa. Kama vile maziwa mengine hayana maji."

Njiani nilifanya kazi yangu kama kawaida. Niliwaonyesha viwanda vya zamani vya hariri, majumba ya matajiri wa Milano, miamba ambayo mbuzi wanashuka kunywa maji. Nilipoonyesha kushoto, Bi Erminia alitazama kulia. Tulipozunguka ncha ya mlima na Melzago ikatokea, nyumba zake zimepandana juu ya ufuko kama watu wanaochungulia kitu, alisimama, akashika chuma cha ukingo, na hakuketi tena mpaka Ivo alipofunga kamba gatini.

Sasa inabidi nieleze juu ya dirisha.

Juu ya bandari ndogo ya Melzago kuna nyumba ya ghorofa tatu yenye kuta za njano. Ghorofa ya juu ina madirisha matatu, lakini la katikati si dirisha. Ni ukuta uliochorwa. Mbao zake za kijani zimechorwa nusu wazi, na kivuli chake kimechorwa vizuri hata ukiwa chini inakubidi utazame mara mbili. Madirisha ya kuchorwa ni mengi upande wetu. Mtu akitaka nyumba yake ipendeze anachora moja na mambo yamekwisha. Lakini hili lilikuwa na hadithi, na hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya ziara yangu inayopendwa kuliko kanisa, kuliko bustani, hata kuliko aiskrimu.

Niliwasimamisha chini ya ukuta, nikawasimulia. Aliishi hapo msichana aliyempenda mvuvi kijana. Siku ya dhoruba mvuvi akazama. Msichana akakaa dirishani akimngoja, hali, hanywi, hasikii la mtu. Baba yake akakata tamaa, akaliziba dirisha kwa matofali. Msichana akafa kabla ya baridi kwisha, na baba kwa majuto akamwita mchoraji amrudishie binti yake dirisha. Nilijua pa kunyamaza na pa kushusha sauti. Nikifika kwenye matofali, mara nyingi kuna mtu anayetafuta kitambaa mfukoni.

Hadithi hiyo niliipokea kwa Oreste, mzee aliyekuwa akiongoza safari hizi kabla yangu. Lakini Oreste alikuwa na msichana na matofali tu. Mvuvi nilimwongeza mimi mwaka wangu wa pili, kwa sababu watu walikuwa wakiuliza msichana alikuwa akimngoja nani.

Siku hiyo nayo ilikwenda vizuri. Bwana mmoja akamgeukia mkewe. "Mimi nikizama, utaningoja dirishani?"

"Nitakungoja dukani," mke akasema, wote wakacheka.

Juu yetu, ghorofa ya pili, mkono ukatoka ukavuta mbao za dirisha kwa kishindo. Nilikuwa nimekwisha kulizoea hilo. "Msijali," nikawaambia, "ni mwenye nyumba. Hana urafiki na wageni."

Bi Erminia hakuwa amecheka. Aliinua mkono kama mwanafunzi. "Huyo msichana alikufa mwaka gani?"

"Zamani, mama. Haijulikani hasa."

"Na jina lake?"

"Jina limepotea."

"Aha," akasema, akashusha mkono.

Kundi likapanda ngazi kwenda kanisani. Bi Norma anaijua njia na anapenda kuwa mbele, kwa hiyo nilimwachia watu nikarudi chini, maana nilimwona Bi Erminia amebaki ameketi kwenye ukuta mfupi wa bandari. Nilidhani ni jua.

"Unajisikia vibaya, mama?"

"Hapana. Kaa hapa kidogo." Akasogeza mfuko wake. "Hakukuwa na mvuvi. Samahani kukuharibia. Wavuvi wa hapa wakati ule walikuwa wanne, na aliyekuwa mdogo wao alikuwa na miaka hamsini na hana meno ya mbele."

Sikumwelewa. Akaelekeza kidevu juu, kwenye ule ukuta wa njano.

"Kile kilikuwa chumba changu," akasema. "Mimi ni Erminia Greppi. Soldi ni jina la marehemu mume wangu."

Alinieleza bila kupandisha sauti, macho yake yakiwa kwenye maji. Mwaka 1963 alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha hariri kilichokuwa kinakaribia kufungwa. Binamu yake akamwandikia kutoka Milano kwamba kuna kiwanda cha redio kinatafuta wasichana wenye vidole vyepesi. Baba akasema mabinti wa nyumba hii hawalali kwa watu wasiowajua. Na zaidi ya hapo miguu ya mama ni mibovu, nani atafua? Hakukuwa na ugomvi mkubwa. Siku moja aliacha barua chini ya birika la kahawa, akapanda boti ya saa kumi na mbili asubuhi.

"Mama ndiye aliyekaa dirishani," akasema. "Haya niliyasikia baadaye kwa binamu. Kutoka pale unaona kila boti inayofunga. Alisimama asubuhi mpaka jioni. Polenta ikaungua chunguni, moto ukazimika, jirani akimsalimu kutoka chini haitikii. Baridi moja nzima hivyo. Mwishowe baba akaleta matofali. Hakumfungia binti, alimfungia mama. Alidhani akiziba, atashuka."

"Alishuka?"

"Alishuka. Akaishi miaka mingine miwili."

"Nawe hukurudi?"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira. Wa pili nilikuwa na aibu. Baadaye ikawa mazoea tu, kama mtu aliyezoea kuishi bila kutumia mkono mmoja. Unafika mahali unasahau kwamba ulikuwa na mikono miwili." Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ni ajabu kumsikia mtu akikueleza ulivyokufa. Tena kwa mapenzi. Mimi niliondoka kwa ajili ya redio."

Niliinua macho, nikalitazama upya lile dirisha.

"Nani anaishi pale siku hizi?" akauliza.

"Mzee mmoja. Gaudenzio. Ni mkali kidogo."

"Mkali vipi?"

"Mwaka juzi alitumwagia ndoo ya maji."

Akacheka, kisha akaacha ghafla. "Nilipoondoka alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa anaogopa bata," akasema. "Twende wote. Siiamini miguu yangu kwenye zile ngazi."

Nilijua haikuwa miguu. Nilimpigia simu Bi Norma nikamwambia awapeleke watu mkahawani wakaanze kula, tukapanda.

Gaudenzio Greppi alifungua mlango akiwa amevaa aproni, na aliyemwona kwanza ni mimi. "Wewe. Sasa unakuja kunisimulia mpaka mlangoni?" Halafu akamwona aliyesimama nyuma yangu. Jikoni redio ilikuwa ikizungumza.

"Erminia," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni mimi."

"Umekata nywele."

"Tangu sabini na moja."

Akarudi ndani akauacha mlango wazi. Tukamfuata. Jiko lilikuwa dogo na safi, na samaki wa ziwani waliokaushwa walikuwa wamepangwa kwenye sahani tayari kwa kuchomwa. Nikasema mimi niondoke, nina watu wanaoningoja, lakini Bi Erminia alinishika mkono wa shati.

"Na akae," Gaudenzio akasema. "Yeye ndiye aliyekuzika."

Akazima redio. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Ndipo akauliza, na niliona kwamba swali hilo lilikuwa limekaa tayari mdomoni mwake kwa miaka mingi.

"Nilikutumia telegramu mama alipokufa."

"Niliipata," Bi Erminia akasema.

"Lini?"

"Alhamisi. Mlikuwa mnazika Jumamosi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Uliipata," akasema. "Miaka hamsini na saba namlaumu mtu wa posta."

Bi Erminia hakujitetea. Alisema Jumamosi ile aliazima koti jeusi kwa mwenzake wa chumba, akaenda stesheni ya Milano na tiketi mkononi. Treni ya kwanza ikaondoka. Ya pili ikaondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka saa ambayo hata angepanda asingewahi, kisha akarudi chumbani, akavua koti la watu, akalikunja. "Sikuweza kupanda," akasema. "Nimeitafuta sababu nzuri kuliko hiyo na sijaipata."

"Mimi nilishuka bandarini mara tatu," Gaudenzio akasema. "Boti ya saa mbili, ya saa nne, ya saa sita. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Padri aliahirisha misa kwa ajili yako, watu wamesimama juani na jeneza. Baba akaniambia, acha kutazama maji. Sikuacha."

"Najua samahani haitoshi."

"Haitoshi," akasema.

Nilidhani sasa atatufukuza, na sidhani kama kuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisimama akawasha jiko. Akaweka samaki juu ya chuma, mgongo wake ukiwa kwetu, na harufu ya mafuta na siki ikajaa chumba. "Mmekula?" akauliza bila kugeuka.

"Bado," Bi Erminia akasema.

Akaweka sahani tatu.

Tulikula polenta, ugali wetu wa mahindi, iliyokatwa vipande na kuchomwa, na samaki wenye chumvi kali. Bi Erminia alikula kidogo kidogo kwa kutumia vidole, kama watu wa hapa. Mimi nilikuwa na neno langu, nikalisema. Nikamwomba mzee radhi kwa hadithi, nikamwambia hata mvuvi nilimtunga mwenyewe.

"Nilijua mvuvi ni wako," akasema. "Oreste hakuwa na mvuvi."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi? Ungeshuka tu ukaniambia."

Aliweka uma chini. "Ningesema nini? Kwamba hakufa, alituacha tu? Yako ilikuwa na heshima zaidi. Jumatano nikisikia boti nafunga dirisha, lakini kuna siku niliacha upenyo nisikilize. Unasimulia vizuri. Kuna siku nilitamani iwe kweli." Akamtazama dada yake haraka. "Si kwamba nilitaka ufe. Ni kwamba mtu aliyekufa humngoji."

Bi Erminia akafuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baadaye nikauliza ni nani aliyelichora dirisha. Kumbe ni Gaudenzio mwenyewe, mwaka baba yao alipofariki. "Ukuta mtupu ulikuwa unaniudhi," akasema, "na rangi ya kijani ilikuwa imebaki." Nilingoja aongeze neno, maana kazi yangu imenizoesha kungoja neno la mwisho. Hakuongeza.

"Si ungeyatoa tu matofali?" dada yake akauliza.

"Kutoa matofali ni kazi ya siku tatu na vumbi nyumba nzima. Kuchora ni asubuhi moja." Akamimina kahawa. Alipofika kikombe cha tatu akasema, "Na pale ndipo mama aliposimama. Sikutaka mtu mwingine asimame pale. Hata mimi."

Bi Erminia akainama akatoa mitungi miwili mfukoni, akaiweka mezani. Matunda ndani yalikuwa yanang'aa kwenye sharubati yake.

"Sipendi vitu vitamu," Gaudenzio akasema.

"Hii ina haradali. Inachoma mpaka puani."

Akaugeuza mtungi mmoja kwenye mwanga. "Basi iache."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Ivo. "Loredana, maji yameanza kuvimba. Nina wazee ishirini wamekunywa divai na nusu yao wanataka kuimba. Mnakuja au nianze kuwagawia ndoo za kutapikia?"

Tukasimama. Mzee akasema, akiwa anakusanya sahani, "Kuna kitanda."

"Leo sitaweza," Bi Erminia akamjibu. "Nimekuja na ujasiri wa siku moja tu, na nimeumaliza."

"Kama utakavyo."

"Nije Septemba?"

"Septemba mvua inanyesha."

"Nitaleta mwavuli."

Akatusindikiza hadi mlangoni. Hawakukumbatiana. Bi Erminia alinyoosha mkono, akaigusa aproni yake kifuani, mahali ambapo kifungo kilikuwa kimelegea, kama fundi anayekagua koti la mteja. "Hiki kitaanguka," akasema. Yeye akatazama kifungo, akasema anajua.

Tulirudi na upepo usoni. Maji yaliruka juu ya sitaha, wazee wakapiga kelele kama watoto, na wimbo walioanza nao gatini ukafa katikati. Bi Norma alikuja kwetu akishikilia viti. "Erminia, tumekutafuta mkahawani mpaka risoto ikapoa. Ulikuwa wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Kaka gani? Wewe huna kaka."

"Ninaye," Bi Erminia akasema, "anaitwa Gaudenzio." Bi Norma akaketi bila kuangalia kama kiti kimelowa. Mpaka Lecco hakusema neno lingine, na Ivo ananiambia hajawahi kuona jambo kama hilo kwenye boti yake.

Jumatano iliyofuata niliwapitisha watu chini ya ule ukuta nikawaonyesha bandari, nikawaeleza juu ya boti za zamani zilizobeba mawe ya chokaa. Hawakusisimka. Ofisini waliniuliza mbona siku hizi wateja hawaiandiki tena hadithi ya dirisha kwenye maoni yao. Nikasema hadithi ilikuwa na makosa. Mkuu wangu akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba aiskrimu ina makosa. Nilijaribu kutunga nyingine, nikaona kila ninayemweka pale dirishani anakuwa na uso wa mtu ninayemjua, nikaacha. Mtu akiuliza mwenyewe, namwambia lilichorwa na mwenye nyumba na tafadhali tusipige kelele hapa, yuko mezani anakula.

Bi Erminia alikuja Septemba kwa treni na basi, si kwa boti, akakaa siku nne. Nilipita kumsalimu siku ya tatu nikawakuta hawasemeshani. Walikuwa wamegombana juu ya polenta ya mama yao, kama alikuwa akiikoroga kuelekea kulia au kushoto, na kutoka hapo wakafika kwenye mambo mengine ambayo hawakuniambia. Siku ya nne walisemeshana. Sijui kama amemsamehe. Nilimuuliza Gaudenzio mara moja tu, akasema swali hilo ni la watu wenye muda.

Krismasi alikwenda yeye Cremona. Tangu azaliwe hakuwahi kulala mahali ambapo hakuna mlima wala maji mbele ya macho. Bi Erminia alinipigia simu kunieleza: kaka yake amekaa dirishani ghorofa ya nne tangu asubuhi, anatazama mashamba, ukungu na barabara iliyonyooka, na analalamika.

"Anasema hivi watu wa huku mnajuaje kama mmefika?" akanisimulia, na nyuma yake nilimsikia mzee akisema kwamba ni swali la kweli, hafanyi mzaha.

"Atakaa mpaka lini?" nikauliza.

"Alisema siku mbili," akajibu. "Leo ni ya sita."